Jinsi nilivyotatua tatizo la waongozaji wa michezo kujitoa dakika za mwisho

Ninapanga ratiba ya michezo ya kuigiza mezani (wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akiigiza mhusika, na mwongozaji akiendesha hadithi) kwenye tamasha dogo hapa Minnesota, Marekani, na safari hii kila meza ilikuwa na mwongozaji mpaka Jumapili jioni. Naandika ili mwingine asihangaike.

Dalili ilikuwa hii: watu wa kujitolea wanajiandikisha kwa wingi, wiki ya mwisho wanajitoa, na wachezaji wanabaki wakitazamana mezani. Kuongeza matangazo hakukusaidia. Kiingilio cha bure na fulana viliwavuta wapya, ila wa zamani hawakurudi.

Ndipo nikawapigia simu waliojitoa, nikawauliza: ulichoshwa na nini? Ratiba, wakasema. Kipindi kinachochukua saa 4 kikiisha, kingine kinaanza papo hapo. Mchezaji anaweza kwenda msalani. Mwongozaji ndiye aliyeshika hadithi nzima, akiinuka mchezo unasimama. Basi anajibana, na njaa yake, na sauti imeshakauka.

Kwanza niliweka saa nzima kati ya vipindi. Kisha kila mwongozaji akachagua mwenyewe mchezo na idadi ya vipindi. La mwisho ndilo lililobadilisha mambo: katikati ya kipindi, mtu wetu anapita na chupa za maji na kutangaza kwa sauti mapumziko ya dakika 10. Mwongozaji mwenyewe huona haya kuwakatisha wachezaji wakiwa wamenoga; akitangaza mtu wa kando, wote wanainuka bila kinyongo.

Orodha ya mwaka ujao imeshaanza kujaa, na majina mengi ni yaleyale.