Kisu cha kubebeshea

Miaka hiyo parachichi za Hass zilikuwa zimechangamka Rungwe na Njombe, kila mwenye kipande cha shamba anatafuta miche. Kitaluni kwangu, nje kidogo ya Tukuyu, viriba vya miche vilikuwa vingi kuliko mikono. Kijiweni pale barabarani vijana wa bodaboda walikuwa wakigombea abiria mmoja. Nikawaita waje wajifunze kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine.

Walifika na shikamoo zao, lakini mmoja hakuzunguka: "Mama, semina tumekaa nyingi. Tunasaini, tunakunywa soda, tunarudi kijiweni. Hii ina kazi?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia kila mche utakaoshika na kuchipua nitaulipia, hata ule wa kujifunzia. Naamini jibu hilo ndilo lililowafanya wabaki.

Tukakaa kwenye kibanda, maana mvua ya Tukuyu haina ratiba. Mche wa chini huwa wa parachichi ya kienyeji, umeota kwenye kokwa. Ukifikia unene wa penseli unaukata kichwa. Kikonyo, yaani kile kijiti cha kubebeshea, kinatoka kwenye mti mama wa Hass ambao umeshazaa, macho yake yamevimba ila hayajafumuka. Unakichonga kiwe kabari, unapasua shina, unachomeka, unafunga nailoni ikaze, maji yasipenye. Kisu kiwe kikali, kimefutwa spiriti. Wengi wanaharibu pale shina linapokuwa nene kuliko kikonyo: wanakiweka katikati, kinakauka. Kisogeze pembeni, ganda likutane na ganda, hata kama ni upande mmoja tu.

Yule muulizaji alishika haraka kuliko wote. Vidole vilivyozoea kabureta havitetemeki.

Mwezi ulipopita tukapita mstari kwa mstari kuhesabu machipukizi. Yake yalikuwa yameshika karibu yote, nikamlipa palepale mbele ya wenzake. Baadaye waliunda kikundi wakaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, isiyo na riba. Nimeona vikundi vikigawana fedha hizo kwa kukosa ufundi. Hawa walijua cha kununua: viriba, neti ya kivuli, visu.

Yule muulizaji alikuwa na wazo jingine siku ileile ya malipo. "Mama, kule Kiwira wazee wana miparachichi ya kienyeji imezeeka. Nikiikata, nikaibebesha Hass hukohuko shambani, si watanilipa?"

Nikamfungia vikonyo kwenye gazeti lenye unyevu, akavitia kwenye begi, akawasha pikipiki.