Mto unaopanda

"Mama, mbona Nile inapanda?"

Mwanangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya atlasi, kidole kikifuata mstari wa bluu kutoka Ziwa Victoria, kikapita Khartoum, kikapita Kairo, hadi Bahari ya Mediterania. Na kweli kidole kilikuwa kinapanda. Nikacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Jambo hilohilo liliwahi kunikuta nikiwa mkubwa, tena mbele ya wahadhiri wawili.

Mimi ni mtu wa kukariri. Kwa usaili wa kuingia chuo kikuu kusoma jiografia nilijifungia wiki sita. Nafasi zilikuwa chache na waombaji wengi, na nilisikia kwamba pale hawaulizi ya darasani, basi nikakariri ya nje ya darasa: Eratosthenes na kivuli chake cha nyuzi 7.2 alichopimia mzingo wa dunia, John Snow na ramani ya kipindupindu ya London ya 1854, Wegener na kusogea kwa mabara, 1912, Malthus wa 1798 na hofu yake kwamba watu watazidi chakula, na Boserup aliyekuja kumpinga 1965. Nile, kilomita 6,650 hivi. Kila jambo na kadi yake. Usiku kaka yangu ndiye aliyekuwa msaili, ila swali na jibu vilikuwa upande uleule wa kadi, kwa hiyo nikikwama alinimalizia mwenyewe. Tulifaulu kila usiku, sote wawili.

Safari na kusubiri koridoni nayaruka. Nilikuwa na kiu, basi.

Chumba kilikuwa kidogo, meza imejaa makaratasi. Yule mama, mkubwa wa wale wawili, akanikaribisha kiti, kisha akasukuma karatasi moja mbele yangu. Ramani. Haikuwa na jina wala skeli. Kontua za kahawia, mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zenye namba ndogo kama sisimizi, mstari mmoja wa bluu, na kidoto cheusi cha kijiji.

"Tuambie unaona nini."

Nikasubiri swali. Kumbe ndilo hilo.

"Naona mto."

"Unaelekea wapi?"

"Kusini," nikasema bila kupumua, na kidole nikakiteremsha kutoka juu ya karatasi hadi chini, kama tone la mvua linavyoteremka kwenye kioo cha dirisha.

Hakusema kitu. Aliweka vidole viwili kwenye pembe ya karatasi akaizungusha polepole, karatasi ikikwaruza meza, mpaka kijiji kilichokuwa karibu na kifua changu kikawa karibu na chake.

"Na sasa?"

Masikio yalinipata moto. Kwa mara ya kwanza nikainama nikasoma zile namba: 340, 360, 380. Kila kontua ilipofika mtoni ilijikunja kama herufi V, na ncha ya V ilielekea kwenye namba kubwa. Ncha huonyesha mto unakotoka. Hilo nilikuwa nalijua miaka, kabla hata sijamjua huyo Wegener. Maji yalikuwa yanakwenda kulekule nilikokuita juu.

"Nimekosea," nikasema. "Nimefuata karatasi, mwinuko sikuutazama."

"Sawa. Na kusini uliijuaje?"

Nikatafuta mshale wa kaskazini pembe zote nne za karatasi. Haukuwepo.

"Sikuijua. Nilidhani tu."

Yule mwenzake, aliyekuwa kimya muda wote, akaandika kitu. Kirefu.

Yaliyobaki nayakumbuka vipande vipande. Waliniuliza kwa nini kijiji kiko ng'ambo ile na si hii, nikasema kontua zimeachana, pana tambarare iliyoinuka kidogo juu ya mto, labda maji ya mafuriko hayafiki. "Labda?" akauliza. Labda. Malthus hakuna aliyemtaja.

Nilipotoka nikapekua kadi zangu, sijui natafuta nini. Ya juu kabisa ilisomeka: *Al-Idrisi, 1154, ramani ya dunia, kusini iko juu.* Usiku uliotangulia kaka alikuwa ameniuliza hiyo mara mbili, na mara zote mbili nikaipata.

Walinichukua. Mpaka leo sijui yule bwana aliandika nini. Nimeambiwa wanapenda mtu anayejirekebisha mbele yao, na inawezekana ni kweli, ingawa inawezekana pia waliokuja baada yangu waliharibu zaidi. Kaka anashikilia kwamba ni kadi.

"Mama!"

Bado alikuwa anasubiri. Nilitaka kumwambia kwamba Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji hayajui kaskazini. Badala yake nikashika atlasi kwenye pembe, nikaizungusha polepole, Nile ikawa inashuka.

Akaitazama kitambo.

"Sasa majina yote yamepinduka," akasema, akairudisha ilivyokuwa.