Nilivyosimama kuposa Rwanda: tulienda wageni, tukarudi na mgeni

Mdogo wangu alipotuambia anataka kuoa Mnyarwanda, hapa nyumbani Tabata ghafla kila mtu akawa mjuzi wa Rwanda. Mmoja ananiambia kule Kiswahili kimejaa usihofu, we ongea tu kama unaongea na mtu wa Buguruni. Mwingine anasema wale jirani zetu, mila ni zile zile, beba barua ya posa na hela yako kwenye leso, mnakula mnarudi. Na hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Rusumo, mpakani na Rwanda! Naandika haya kwa sababu ushauri ule ulikuwa uniaibishe mbele za watu, na kwa sababu mwaka jana nilisimama kama msemaji wa familia yetu huko Rwamagana, watu kama mia mbili wananitazama, na bibi harusi nikapewa. Naona fahari mpaka leo.

Nianze na kosa langu maana ndo lilinifungua macho. Siku ya kwanza shemeji kuletwa nyumbani tumekaa tunakula pilau, mi kwa mazoea yetu ya hapa Dar nikamuuliza, "Shemeji, we kabila gani huko kwenu?" Hapa kwetu hilo si swali baya hata kidogo, Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana mpaka msibani, ukishajua kabila la mtu ndo unajua umtanie vipi. Yule binti akaacha kula. Akawa anasogeza zabibu moja kwa kijiko, anaipeleka pembeni ya sahani taratibu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ni Mnyarwanda, kaka." Akanyamaza, na meza nzima ikanyamaza.

Usiku mdogo wangu akanitoa nje akanieleza. Kwamba mwaka 1994, kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, mtu anasimamishwa kwenye kizuizi barabarani anatoa kitambulisho, na kile kitambulisho ndo kinamuua. Siku hizi vitambulisho vyao havina kabila na watu hawaulizani. Shemeji alikuwa hajazaliwa, ila wazazi wake walikuwepo. Kesho yake asubuhi nilimuomba radhi, akasema yameisha kaka, na kweli yakaisha, lakini mi sikulala vizuri wiki nzima. Kama jambo kubwa hivi liko mlangoni kwa jirani na sikulijua, nitasimamaje kwao kuposa?

Tarehe nayo ilikuwa itupeleke pabaya. Wazee walishapanga Aprili, sababu watu wana likizo ya Pasaka. Shemeji akasema kwa upole Aprili haiwezekani, kuanzia tarehe 7 wanaingia kwenye wiki ya maombolezo, Kwibuka, hakuna ngoma hakuna harusi. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi nayo usiiguse, ni umuganda, nchi nzima watu wako nje na majembe na mafagio wanasafisha mitaa na mitaro mpaka saa tano. Hiyo niliishuhudia mwenyewe safari ya kwanza tulipoenda kujitambulisha, barabara kimya kabisa, baba mkwe mtarajiwa kavaa buti yuko mtaroni na majirani. Nikachukua koleo nikaingia. Hakuna aliyeniambia niingie, ila nawaambia zile saa mbili mtaroni zilinifungulia mlango kuliko maneno yote niliyosema sebuleni.

Sasa mbinu yenyewe. Mizigo ya Rwanda kwa sehemu kubwa inashukia bandari yetu hapa, kwahiyo nikajiambia mtu anayeijua Rwanda Dar lazima yupo kwenye malori. Nikaenda Kurasini kwenye yadi, nikauliza uliza, nikaelekezwa kwa mzee mmoja Tandika, dereva mstaafu, Mhangaza wa Ngara, kule mpakani na Rwanda. Kihangaza na Kinyarwanda wanasikilizana bila shida. Karibu miezi mitatu kila Jumapili nipo kwake na kilo mbili za sukari, tunakaa barazani ananifundisha.

Kitu cha kwanza akasema, "Mwanangu, hapa Dar mshenga anapeleka barua. Kule mshenga anapeleka ulimi." Kwamba upande wa muoaji kuna msemaji wao anaitwa umukwe mukuru, upande wa binti kuna umusangwa mukuru, na hao wawili wanashindana kwa maneno mbele ya watu wote. Huyo wa upande wa binti anajifanya hajui mmefuata nini, anasema mmepotea njia, anasema binti hayupo, anawategea, na wewe hutakiwi kukasirika wala kuharakisha, wala kutaja binti mapema. Ukitoa bahasha pale mwanzoni kama nilivyoshauriwa unaonekana umekuja sokoni. Na salamu, ukitaka mtu mzima afurahi unamtakia ng'ombe: unasema "Amashyo", yaani uwe na makundi ya ng'ombe, yeye anajibu "Amashongore", yaani na yawe ya majike. Nilirudia hiyo mpaka wanangu nyumbani wakaijua.

Halafu Jumapili moja katikati ya maelezo akasema umugeni. Nikamkatisha, mgeni gani mzee? Akasema si mgeni, umugeni, bibi harusi. Kumbe kwao mgeni wetu wanamwita umushyitsi, na umugeni ndo anayeolewa! Nikarudi nyumbani kwenye daladala najisemea peke yangu, nikajua hapa nimepata.

Safari sina mengi, basi siku mbili, nauli laki na ushee kwa kichwa, ukivuka daraja la Rusumo gari linahamia kulia na saa inarudi nyuma lisaa limoja, saa nne yao ni saa tano yetu, hilo liwekeeni akilini mkialikwa. Bodaboda zao abiria anavaa helmeti na anapanda mmoja tu, mambo ya mshikaki hakuna.

Siku yenyewe, mahema mawili yametazamana, sisi huku wao kule, wanawake wamevaa mishanana, yale mavazi yao ya sherehe, sisi wanaume tumefungwa kitambaa begani na fimbo mkononi. Mzee wa Ngara kakaa kulia kwangu anatafsiri. Nikasimama, "Amashyo!" Hema zima la pili likaitika, na nikaona wazee wanatazamana. Msemaji wao, mzee mrefu mwembamba, akasema kwa Kinyarwanda kwamba anatukaribisha, ila wao leo wana shughuli ya kifamilia, labda tumekosea nyumba. Nikasema hatujakosea, tumesikia hapa pana maziwa mazuri. Akasema tumechelewa, binti zao wote wameenda kusoma mbali. Nikasema hatuna haraka, tumesafiri siku mbili, tutawasubiri hapa hapa kwenye hema mpaka wahitimu. Makofi.

Tukaendelea hivyo karibu saa nzima. Nikaona sasa. Nikasema, "Mzee wangu, tumekuja wageni tisa. Tunaomba turudi na mgeni mmoja." Tulishakubaliana na mzee wa Ngara neno mgeni asilitafsiri, aliache lilivyo. Kule kukawa kimya. Yule msemaji akaegemea fimbo, akatukagua mmoja mmoja, akauliza, "Maharusi tisa? Na ndevu zote hizo, nani kawachumbia?" Mahema yote mawili yakacheka.

Nikangoja wanyamaze. Nikasema, kwetu pwani mgeni ni mtu anayekuja nyumbani ukampa kitanda chako wewe ukalala chini. Kwenu umugeni ni bibi harusi. Huyu tunayemuomba akifika Dar atakuwa yote mawili kwa pamoja. Na kwetu tuna msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu hatutampa jembe, tutampa funguo za nyumba.

Mzee wa Ngara kafungua mdomo atafsiri, yule msemaji akanyoosha mkono akamzuia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Hiyo ya funguo acha, nimeisikia." Kumbe alikulia Karagwe, alituelewa tangu neno la kwanza! Akageuka kwa wazee wenzake wakanong'ona, kisha akatangaza umugeni tumepewa, na kina mama wakapiga vigelegele ambavyo sijawahi kusikia mfano wake. Mi nilikaa chini miguu inatetemeka, mzee wa Ngara kanishika goti tu hasemi kitu.

Mahari ni ng'ombe. Tungeweza kutoa hela badala yake, wengi wanafanya hivyo, ila sisi tulinunua mtamba wa kweli upande wa Kayonza, milioni na kitu hivi kwa hela yetu. Wakatuma mtu wao akamwone, akarudi akasema ni mzuri, halafu mchunga ng'ombe akaingia na fimbo akawa anamsifia yule ng'ombe kwa mashairi, haraka haraka bila kuvuta pumzi, pembe zake, mwendo wake. Ndipo binti akatoka ndani na wenzake wakicheza mikono juu kama pembe. Mama yangu akalia.

Ukitaka kwenda, tafuta Mhangaza au Muha wa mpakani uanze naye mapema, na usimuulize mtu kabila, tafadhali.

Mwezi uliopita mama mkwe kapiga simu, mtamba kazaa, na ndama ni jike. Anasema kwa mila yao wakwe wanamrudishia bwana na bibi harusi ng'ombe, indongoranyo, na huyu ndama akikua ndo wa kwao. Mdogo wangu kapanga vyumba viwili Segerea, ng'ombe atamweka wapi? Nimempigia mzee wa Ngara, kasema kijijini kwao majani yapo, na kutoka pale mpakani si mbali.