Daraja limefungwa, barafu inayeyuka

Leo tumekaa na basi Malagarasi, njia ya Kigoma, masaa matatu. Daraja limefungwa, ukaguzi. Dereva hana habari, konda hana habari.

Mama niliyekaa naye alikuwa anapeleka samaki, migebuka, Tabora. Barafu ikaanza kuyeyuka, maji yakatiririka hadi kwenye ndala zangu.
Kila baada ya muda anafunua ndoo, ananusa, anafunika.
Hasemi neno.

Daraja likaguliwe jamani, tena sana, malori yanayopita pale ni mazito. Lakini tangazo redioni na pale stendi, hata siku mbili kabla, lingewashinda nini? Mama wa watu angepanda basi la jana.

Ile harufu bado ninayo puani.

Wa njia ya Kigoma, kuna aliyepata taarifa mapema? Niambieni.