Biskuti za kulungu, Nara

Mwishoni mwa Mei tulipanda treni ya kampuni ya Kintetsu kutoka stesheni ya Osaka-Namba, jijini Osaka, Japani, na baada ya dakika 40 hivi tukawa mji wa Nara, ambako kulungu huzurura huru. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka minne, hivyo hakulipiwa nauli; Japani mtoto wa chini ya miaka 6 husafiri bure akiwa na mtu mzima. Kigari chake hatukukikunja. Ndani ya treni kinakaa wazi, breki ikiwa imefungwa na mtoto kavaa mkanda.

Ukitoka stesheni ukashika mashariki, dakika chache tu unaingia Hifadhi ya Nara na kuwaona kulungu. Wako zaidi ya elfu moja, wanyama pori wasio na mwenyewe, na pua zao zinafika usoni kwa mtoto. Kabla ya kununua biskuti za kuwalisha nilimvua mtoto mkoba, ramani na tiketi nikazitia ndani ya koti, maana karatasi inayoning'inia huliwa.

Biskuti zenyewe ni pumba za mchele na unga wa ngano, bila sukari. Fungu la kumi lilikuwa yeni 200, na hata utepe wa karatasi unaozifunga haumdhuru kulungu akiumeza. Hatukuwalishia kwenye kibanda cha kuuzia, kwa kuwa hapo ndipo kulungu wakorofi wanapojazana. Mama wa mtoto alizificha biskuti mfukoni, tukasogea hadi chini ya miti, akawa anampa mwanawe moja moja. Kulungu akainamisha kichwa, mtoto naye akainamisha chake, biskuti ikatoka papo hapo. Kumcheleweshea kulungu ndiko kunakoleta balaa: watu humwonyesha biskuti wakairudisha nyuma ili wapate picha, naye akichoka huuma nguo au kupiga kichwa. Zilipokwisha, mtoto alionyesha viganja vitupu kama tulivyomfundisha, na waliokuwa wakimfuata wakaondoka.

Ndama mmoja alikuwa amelala nyasini. Tulimzungukia mbali sana, kwa sababu Mei hadi Julai ni majira ya kuzaa na majike hurusha kwato. Ndama naye asiguswe kamwe. Akipata harufu ya mtu, mama anaweza kumkataa.

Huko Tōdai-ji, hekalu la Kibuddha, nyuma ya Buddha wa shaba wa mita 15 hivi aliyezinduliwa mwaka 752, kuna nguzo yenye tundu karibu na sakafu, linalosemekana kulingana na tundu la pua yake. Mtu mzima anaweza kukwama mabegani. Mtoto alivua koti, akanyoosha mikono yote mbele ili mabega yajikunje, mimi nikamshika viganja upande wa pili. Alipita akicheka, akataka kurudia, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Kabla ya kula tulimnawisha kwa sabuni. Maganda na nepi vilirudi nasi Osaka, kwani hifadhini mapipa ya taka yalikuwa yameondolewa, kulungu wasije wakayafukua. Mwaka 2019 baadhi yao walikutwa wamekufa, matumbo yamejaa plastiki. Ndiyo maana mifuko yetu yote niliihesabu kabla hatujaondoka.