Walinisumbua na kamera kali, nikashinda kwa mbili dhaifu

"Nunua kamera kali zaidi." Kila niliyemuuliza hapa Bukavu, kuanzia mafundi simu wa Kadutu hadi dokta aliyeniagiza sanduku la mazoezi ya laparoskopia (upasuaji wa matundu madogo, unashona ukitazama skrini ya kamera), alinijibu hivyo. Kamera niliyokuwa nayo ilionyesha hata nyuzi za nyama ya ng'ombe tunayoshonea mazoezi, na bado wanafunzi walikuwa wanadunga hewa!

Fumba jicho moja utunge uzi kwenye sindano, utaelewa. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili mwaka 1838: kila jicho hupata picha tofauti kidogo, ubongo unazioanisha na kupata kina. Ndiyo maana roboti ya upasuaji ya da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, ina lenzi mbili ndani ya bomba moja.

Basi nikachukua kamera mbili za waya, zile mafundi magari wanazochungulia injini. Mjuaji mmoja akashikilia nizitenganishe sentimita 6 na kidogo, kama macho ya mtu. Wote wakaona sindano mbili, mmoja akatoka nje kutapika. Nyama ilikuwa karibu mno. Ni sawa na kukodolea ncha ya pua yako asubuhi nzima. Nilizisogeza hadi kama sentimita 1, nikaziinamisha zielekeane kidogo, picha zikaungana.

Hela ya skrini ya 3D sina. Nikatumia miwani ya karatasi, plastiki nyekundu huku, samawati kule. Hapo ndipo nyama ya ng'ombe iliponitesa: nyekundu ile jicho moja liliiona inang'aa, la pili likaona giza, kichwa kikauma. Nikaifanya picha iwe nyeusi na nyeupe kwanza, ndipo programu iipake rangi za miwani. Kimya! Hilo sikufundishwa na mtu.

Gharama? Dola 60, labda 70 ukihesabu na pikipiki.

Na taa za hizo kamera zizime. Zimezunguka lenzi, kwa hiyo kivuli kinajificha nyuma ya kitu chenyewe. Toboa tundu pembeni, weka tochi: ncha ya sindano na kivuli chake vikikutana, umegusa nyama, hata kama miwani imepotea. Kwa anayeshona kwa mkono wa kulia, tochi ikae juu kushoto.