Saa ya ukutani: Ijumaa yangu moja, Busan

Kuna jambo nililigundua wiki ya kwanza nilipofika Korea. Busan, jiji ninakofundisha, iko mbele ya Mombasa kwa saa sita. Na sisi Waswahili saa zetu twahesabu tangu jua kuchomoza, si tangu usiku wa manane, na pengo hilo nalo ni saa sita. Kwa hivyo saa ya ukutani ya Busan, ukizisoma tarakimu zake kama zilivyo, inakutajia saa ya Mombasa kwa Kiswahili. Hapa ikionyesha 8:30 asubuhi, kwa mamangu Kibokoni ni saa nane na nusu usiku. Ikionyesha 1:00 mchana, kwao ni saa moja asubuhi na mahamri yako mafutani. Sijawahi kupiga hesabu. Natazama ukuta tu.

Basi saa zote hapa chini nimeziandika kama zinavyoonekana ukutani. Anayetaka kujua mamangu alikuwa wapi saa hiyo, azisome kwa Kiswahili.

6:20

Mama amelala fofofo. Mimi alfajiri nimeshaswali, nikajilaza tena, na sasa simu yalia mara ya pili. Chumba changu ni kimoja chenye kila kitu, jiko hatua tatu kutoka kitandani, na sakafu yake ina mabomba ya maji moto chini kwa chini, kama nyumba zote za hapa. Asubuhi za Aprili bado zina ubaridi, nami huweka nguo zangu sakafuni zipate joto kabla ya kuzivaa. Wakorea wanaolijua jambo hili hunicheka. Na wanicheke.

Kabla ya kutoka nashusha taka. Mwaka wa kwanza jambo lililonitoa jasho kuliko lugha ni taka. Maganda ya ndizi yanakwenda kwenye pipa la mabaki ya chakula, lakini mifupa haiendi huko, mifupa ni taka za kawaida na ina mfuko wake wa kununua dukani. Bibi wa nyumba ya chini aliwahi kunigongea mlango ameshika mfupa wa kuku kwa ncha za vidole, kama polisi aliyeleta ushahidi. Siku hizi ndiye anayenitunzia vifurushi vyangu.

8:20

Shule iko juu ya kilima. Vilima vya Busan vimejaa nyumba mpaka juu kwa sababu ya vita vya Korea: mwaka 1950 jiji hili lilifurika wakimbizi na likawa makao makuu ya muda ya serikali, na watu wakajenga popote palipowezekana. Mimi nazilipa ngazi zile kwa magoti yangu kila asubuhi. Mlangoni navua viatu na kuvaa ndara za ndani, watoto wanainama kidogo kunisalimu, wengine wanapiga mayowe «Tichaa!» na kukimbia kama wameona jini.

Hapa naitwa *woneomin*, yaani mtu ambaye lugha ni yake ya asili. Kiingereza. Mimi! Mtoto wa Mji wa Kale, niliyekijua Kiingereza kwa kiboko cha shule ya msingi. Lakini viza ya kufundisha Kiingereza, E-2, haiulizi uliota ndoto kwa lugha gani. Yauliza paspoti, nayo iwe ya mojawapo ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi au Afrika Kusini. Nilimfuata baba Leicester, Uingereza, nikiwa na miaka 16, nikasoma huko, nikapata uraia, na siku ile ile, kwa mujibu wa karatasi, Kiingereza kikawa changu cha asili. Binamu yangu aliyebaki Mombasa anakizungumza vizuri kunishinda. Yeye hawezi kuja kwa njia hii.

9:50

Kipindi cha pili, darasa la tano, watoto 19, dakika 40. Nafundisha pamoja na mwenzangu Mkorea, ambaye huniita «ssaem», mkato wa neno la mwalimu ambao walimu hutumia wao kwa wao. Somo la leo ni kuuliza saa.

Mambo yalikuwa shwari mpaka msichana mmoja wa kiti cha mbele, mtoto wa maswali (ndiye aliyewahi kuniuliza kama chini ya mtandio nina nywele au sina), akataka kujua saa hizi kwetu ni saa ngapi. Nadhani alikusudia Uingereza. Sijui shetani gani alinipitia, nikajibu ya Mombasa. Nikachora saa ubaoni, mishale ile ile kama ya ukutani, na chini yake nikaandika: saa tisa na dakika hamsini. Nikawaambia, nyinyi mkiona tisa hapo juu, mamangu kule anasema tisa.

Darasa likachafuka. Mvulana wa nyuma akasimama: «Tichaa, hicho si Kiingereza!» Alisema kwa ukali hasa, kama mteja aliyepewa kitu asichoagiza.

Mwenzangu akawatuliza kwa Kikorea, akawaeleza kwamba mwalimu ana lugha nyingine ya kwao. Nikaona vidole vinaanza kuhesabu. Maana Mkorea naye ana hesabu mbili. Saa anazitaja kwa namba za kwao wenyewe, *hana, dul, set*, na dakika kwa namba zilizotoka Uchina, *il, i, sam*. 9:50 kwao ni *ahop-si osip-bun*, nusu ya nyumbani, nusu ya kuazima. Nikawaambia sisi pia tumeazima: moja mpaka tano ni zetu, sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, na nane imekaa katikati yao kama mpangaji aliyekataa kuhama. Na hamsini? wakauliza. Ya Waarabu pia. Kwa hivyo saa ile niliyoandika ubaoni, tisa na hamsini, yote ni ya kuazima! Wakafurahi kana kwamba wamenikamata.

Tuliporudi kwenye kitabu zilikuwa zimebaki dakika 12. Mwenzangu hakusema kitu, ila alinyoosha mdomo kidogo. Watoto walitoka wanaimba «saa tisa, saa tisa» na ilhali saa ilikuwa 10:30.

12:10

Chakula cha mchana ni cha shule, bure kwa watoto, sinia za chuma, kila mtu analetewa kile kile. Orodha ya mwezi hubandikwa ukutani, na pembeni mwa kila chakula pana tarakimu ndogo za mzio: 1 ni mayai, 2 maziwa, 9 kamba, 16 nyama ya ng'ombe. Yangu mimi ni 10, nguruwe. Kikorea changu cha kusoma kilianza hapo, kwa kuitafuta kumi. Leo supu ina kumi. Mboga hazina, ila mchuzi wa kando unao. Nimekula wali, kimchi (kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili), samaki wa kukaanga na nusu ya chungwa. Mama wa jikoni kaniona, kaniongeza samaki wa pili bila ya neno.

1:00

Kibokoni kumekucha. Ujumbe wa sauti waingia dakika hiyo hiyo: «Mwanangu, umekula?» Wakorea nao hujuliana hali hivyo hivyo, umekula wali? Nikimwambia mama hilo hufurahi, anaona niko kwa watu.

Vipindi vimekwisha na watoto wanafagia madarasa yao wenyewe. Mkataba wangu, kama wa wengi tulioletwa na mpango wa serikali wa EPIK ulioanza 1995, ni vipindi 22 kwa wiki, lakini mezani lazima ukae mpaka 4:30 uwe na kazi au usiwe nayo. Walimu wa kigeni wana jina lao la kukaa huko, ambalo mimi nililigeuza Kiswahili: kupasha kiti moto. Nilimwandikia rafiki yangu wa Dar es Salaam kwamba Ijumaa mchana wote nashughulika na kiti moto. Akapiga simu kwa hofu. Kwao, mjuao mnajua, kitimoto ndiyo ile namba kumi yangu.

Leo kiti nimekipasha kwa kujibu watu. Kila wiki wako wanaoniandikia niwafanyie mpango wa kuja huku. Mwenye paspoti ya Kenya au Tanzania nawaambia ukweli kuhusu zile nchi saba, halafu nawaelekeza kwenye ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea, GKS, ambao uko wazi kwetu na unaanza na mwaka mmoja wa kujifunza Kikorea. Mmoja kauliza kama hawahitaji mwalimu wa Kiswahili. Si swali la mzaha: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni kinafundisha Kiswahili. Lakini ni sehemu moja, na shule za Kiingereza ni maelfu.

Korido ya ghorofa ya tatu madarasa mawili yamefungwa kufuli. Hakuna watoto. Mwaka 2023 wastani wa uzazi Korea ulishuka hadi 0.72 kwa mwanamke. Mimi nilisoma darasa moja na watoto zaidi ya 60, watatu kwa dawati, na nikipita pale kwenye kufuli najikuta nanyata.

4:30

Ijumaa ya hapa ina jina, *bulgeum*, Ijumaa ya moto. Walimu wanatoka mbio kuliko watoto.

5:30

Treni ya mstari wa kwanza mpaka kituo cha Jagalchi. Soko la samaki lina wito wake kwa lahaja ya Busan, *oiso, boiso, saiso*: njoo, tazama, nunua. Nikifunga macho niko Marikiti, sokoni kwetu Mombasa. Wauzaji karibu wote ni wanawake wa makamo, aproni za mpira, viatu vya mpira, sauti za kuvunja vyombo. Mteja humwita muuzaji *imo*, mama mdogo, na mimi nina imo wangu. Kikorea changu ni cha kitabuni na chake ni cha bandarini, basi kila nikisema jambo hujibu «*mworakano?*», wasemaje wewe? Kisha ananiuzia kile kile nilichotaka.

Nataka samchi. Samaki huyu ni wa ukoo mmoja na nguru wetu, ana ule mgongo wa buluu na nyama isiyosambaratika mchuzini. Miezi minane nilikula samaki wa kopo kabla ya kumgundua, na siku ile nilisimama sokoni nikimtazama kama nimekutana na jirani. Imo anamkata vipande vya kuchoma. Hapana imo, vinene, vinene! Hunikatalia kila wiki kwanza.

7:45

Tui la kopo, ndimu za kuagiza, pilipili za hapa ambazo si za mzaha. Wali wangu ni wa Kikorea, unashikana, haupandi nazi hata uubembeleze. Nimekula hivyo hivyo, dirisha wazi, jirani asije akalalamika harufu.

Kisha begi la kesho. Mlima Geumjeong uko kwenye mstari ule ule wa treni, kituo cha Beomeosa. Hekalu lililopo hapo lilianzishwa 678. Unalipita, unapanda mpaka lango la kaskazini la ngome, na kutoka hapo mpaka kilele cha Godangbong, mita 801. Mara ya kwanza nilikwenda na champali. Wallahi, champali, kwa sababu mlimani kwetu ni mahali pa kwenda na gari. Nilikuta mabibi wa miaka 70, glavu, fimbo mbili mbili, kofia, viatu vya kumpandia Kilimanjaro. Mmoja alinipita akipanda, akanipita tena akishuka, mara ya pili akasimama, akatazama miguu yangu, akauliza nina miaka mingapi. Nikamjibu. Akanyamaza kwa huzuni, akatoa tango mfukoni, akalivunja vipande viwili, kimoja akanipa.

Kesho nina viatu. Matango mawili pia, la kula na la kumpa mtu. Nikishuka nitateremkia kituo cha Dusil, kwenye msikiti wa Al-Fatah uliofunguliwa 1980, niswali alasiri na ninunue nyama ya halali ya wiki nzima. Jumapili ni ya kufua.

10:15

Simu ya mama, kama kila Ijumaa akishatoka kuswali alasiri.

«Mlima tena? Umepoteza nini huko?»

«Napunga hewa, mama.»

«Hewa haiko chini?»

Namhadithia ya ubaoni, mvulana aliyesimama na kunishtaki kwamba hicho si Kiingereza. Anacheka mpaka anakohoa. Halafu, kama kila wiki, na ilhali anajua: «Na huko saa ngapi saa hizi?»

Natazama ukuta. «Kumi na robo.»

«Yangu hiyo au yako?»

«Ya ukutani, mama.»

«Haya lala, chai yangu yamwagika.»